Pochi ya utambulisho wa kidijitali

Pochi ya utambulisho wa kidijitali ni programu ya simu janja inayohifadhi vitambulisho na vyeti vilivyotolewa na serikali, ili mwenye simu aweze kuthibitisha habari zake bila kubeba kadi wala karatasi. Ndani yake kinaweza kuwemo kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva, cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule au kadi ya bima ya afya. Pochi si sawa na picha ya kitambulisho iliyopigwa kwa simu. Kila hati iliyomo imetiwa saini ya kidijitali na ofisi iliyoitoa, tena imefungwa na simu moja, kiasi kwamba anayeipokea hugundua mara moja kama imeghushiwa au imenakiliwa.

Isichanganywe na pochi ya fedha kama M-Pesa. Salio la fedha hutunzwa katika seva za kampuni, na simu ni dirisha tu la kulitazamia. Hati za utambulisho hukaa katika simu yenyewe, mikononi mwa mwenyewe.

Kufikia mwaka 2025 utambulisho wa Watanzania ulikuwa bado unategemea namba na hifadhidata ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) kuliko pochi ya namna hii. Hata hivyo vipande vingi vya kuijengea vipo tayari. Makala hii inaeleza jinsi pochi inavyofanya kazi na inavyojengwa, halafu inatazama hali ya Tanzania kwa mifano ya wilaya za Karatu na Ngorongoro katika Mkoa wa Arusha.

Wahusika watatu

Njia rahisi ya kuielewa pochi ni kuanza na barua ya utambulisho ya ofisi ya kijiji. Mkazi wa Mangola anayetaka kufungua akaunti ya benki mjini Karatu huenda kwa mtendaji wa kijiji, ambaye anamjua, au anawajua wanaomjua. Mtendaji huandika barua, hubandika picha, hutia saini na kugonga muhuri, nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Mkazi huibeba barua mwenyewe. Karani wa benki hampigii mtendaji simu: hutazama muhuri, hutazama picha, humtazama mtu aliyesimama mbele yake, basi.

Hapo wamo wahusika wote watatu wa pochi. Mtendaji ni mtoaji wa hati, mkazi ni mwenye hati, karani ni mhakiki. Mtoaji na mhakiki hawahitaji kuwasiliana; kinachowaunganisha ni muhuri ambao mhakiki anaujua na kuuamini. Ule muhuri uliopita juu ya picha nao una kazi yake: unaifunga barua na mtu mmoja, asije mwingine akaichukua na kubandika sura yake.

Barua hiyo ina kasoro zinazojulikana. Mihuri huchongwa mitaani. Karani husoma kila kilichoandikwa hata kama alihitaji jina tu, kisha hutoa nakala na kuiweka kwenye faili ambalo mwenye barua hatalijua tena. Na mtendaji akigundua kwamba amedanganywa, hana njia ya kuirudisha barua iliyokwisha kuondoka. Pochi imebuniwa ili kurekebisha kasoro hizi tatu, na sura zinazofuata zinazieleza moja moja.

Saini ya kidijitali

Muhuri wa pochi ni hisabati. Wazo la funguo mbili lilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kulitumia. Ofisi inayotoa vitambulisho huwa na ufunguo wa siri usiotoka katika mashine zake, na ufunguo wa umma unaotangazwa kwa wote. Kilichotiwa saini kwa ufunguo wa siri kinaweza kukaguliwa na yeyote mwenye ufunguo wa umma, lakini ufunguo wa umma hauwezi kutengeneza saini.

Kabla ya kutia saini, kompyuta huifupisha hati nzima kuwa namba moja ndefu iitwayo heshi. Ikibadilishwa herufi moja tu, kwa mfano mwaka 1998 ukifanywa 1996, heshi hubadilika kabisa na saini hukataliwa. Mifumo ya sasa hutumia hisabati yenye funguo fupi kuliko ile ya mwaka 1977, ila wazo ni lilelile.

Kuifunga hati na simu

Saini peke yake haitoshi, kwa sababu faili lenye saini linaweza kunakiliwa na nakala ikawa na saini sahihi vilevile. Kwa hiyo pochi huwa na funguo zake pia. Simu janja nyingi za kisasa zina sehemu maalumu ya chipu ambamo ufunguo wa siri hutengenezwa na kubaki humo. Hata mwenye simu hawezi kuutoa. Wakati wa kutoa hati, ofisi huingiza ufunguo wa umma wa simu hiyo ndani ya hati kabla ya kutia saini. Wakati wa kuhakiki, mhakiki hutuma namba ya nasibu, na simu lazima iitie saini papo hapo kwa ufunguo wake wa siri. Aliyenakili faili hana ufunguo huo, kwa hiyo hawezi kujibu. Chipu nayo haifanyi kazi hiyo mpaka mwenye simu aweke kidole, uso au namba ya siri.

Kuonyesha sehemu tu

Katika lango la Lodoare, ambalo wageni wengi watokao Karatu hupitia kuingia Hifadhi ya Ngorongoro, kiingilio hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki na wageni kutoka nje. Mtumishi wa langoni anahitaji kujua jambo moja tu: huyu ni raia wa Afrika Mashariki au siye? Kadi ya plastiki haiwezi kujibu swali moja. Ikishatolewa mfukoni inasema jina, tarehe ya kuzaliwa, namba na sahihi ya mwenyewe.

Pochi hutatua jambo hili kwa kuigawa hati katika vipande. Kwa kila kipande (jina, uraia, tarehe, jinsia) mtoaji huchukua habari yenyewe pamoja na namba ya nasibu, kisha huhesabu heshi yake. Kinachotiwa saini ni orodha ya heshi hizo, si habari zenyewe. Mwenye pochi hubaki na habari na namba zake za nasibu. Akitaka kuonyesha uraia tu, hutoa kipande cha uraia, namba yake ya nasibu na orodha iliyotiwa saini. Mhakiki huhesabu heshi upya na kuona kwamba imo katika orodha. Vipande vingine hubaki kama bahasha zilizofungwa. Namba ya nasibu ni ya lazima: bila hiyo mtu mjanja angejaribu tarehe zote za kuzaliwa za miaka mia moja, ambazo hazifiki 40,000, mpaka apate heshi inayolingana.

Umri hushughulikiwa kwa njia iliyo rahisi zaidi. Mtoaji huweka tangu mwanzo kipande kinachosema kwamba mtu huyu ametimiza miaka 18, ndiyo au hapana, na mwenye baa haoni tarehe.

Namba ya utambulisho ya Tanzania ina kikwazo hapa. Ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Yeyote anayeonyeshwa namba ameonyeshwa umri, hata kama pochi imeuficha kwa uangalifu mkubwa. Wanaobuni mifumo mipya hupendelea namba isiyosema kitu chochote kuhusu mwenyewe. Aadhaar ya India, kwa mfano, ni tarakimu 12 za nasibu.

Kuna uvujaji mwingine usioonekana haraka. Saini ya mtoaji ni alama ya pekee, na wahakiki wawili wakilinganisha saini walizopokea watajua kwamba ni mtu yuleyule, hata kama hakuonyesha jina. Dawa iliyopo ni kutoa nakala nyingi za hati moja, kila moja na saini yake na ufunguo wake, na kutumia kila nakala mara moja.

Kuhakiki bila mtandao

Mwaka 2021 lilichapishwa sanifu la kimataifa ISO/IEC 18013-5 kuhusu leseni ya udereva iliyo ndani ya simu. Linaeleza jinsi simu mbili zinavyoweza kumalizana bila intaneti. Mwenye pochi huonyesha msimbo wa QR au hugusisha simu kwa NFC. Hapo simu hupeana funguo za muda, kisha mazungumzo yenyewe huenda kwa Bluetooth yakiwa yamesimbwa. Mhakiki anahitaji tu kuwa na funguo za umma za watoaji, alizozipakua kabla. Polisi wa usalama barabarani kwenye mteremko wa Mto wa Mbu, au muuguzi wa zahanati isiyo na mtandao, angeweza kuhakiki hati kwa namna hiyo.

Kwa huduma za mtandaoni zipo itifaki nyingine, hasa zile za familia ya OpenID, pamoja na mapendekezo ya shirika la W3C kuhusu hati zinazohakikika, ambayo toleo la kwanza lilitoka mwaka 2019 na la pili mwaka 2025.

Kufuta hati

Leseni ikifutwa au simu ikiibwa, mtoaji lazima aweze kusema kwamba hati ile haifai tena. Njia iliyozoeleka ni kuchapisha orodha ndefu ya sifuri na moja, ambapo kila hati ina nafasi yake. Mhakiki hupakua orodha nzima na kutazama nafasi moja, kwa hiyo mtoaji hajui ni hati ya nani inayokaguliwa. Asiye na mtandao hutumia orodha aliyoipakua jana au juzi, na hiyo ndiyo gharama ya kuhakiki nje ya mtandao.

Jinsi inavyojengwa

Watu wengi huona programu ya simu na kudhani ndiyo kazi yenyewe. Programu ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Chini yake kuna daftari la watu, na daftari likiwa bovu, pochi itathibitisha makosa kwa usalama wa hali ya juu.

Kuliandaa daftari kunadai mambo mawili tofauti yanayofanywa kwa alama za vidole. La kwanza ni kuhakikisha mtu hajisajili mara mbili: alama za mtu mpya hulinganishwa na za watu wote waliomo, kazi inayohitaji kompyuta zenye nguvu. La pili ni kuhakikisha aliyekuja leo ndiye aliyesajiliwa: alama zake hulinganishwa na za mtu mmoja tu, mwenye namba aliyoitaja. Kosa katika kazi ya kwanza humnyima mtu namba. Kosa katika ya pili humnyima huduma siku hiyo.

Juu ya daftari hukaa mashine za kutunza funguo za kutia saini, zilizotengenezwa ili ziharibu funguo zikifunguliwa kwa nguvu. Kisha kuna njia ya kubadilishana taarifa kati ya ofisi, orodha ya watoaji wanaoaminika, na orodha ya wahakiki waliosajiliwa ili pochi iweze kumwambia mwenyewe ni nani hasa anayeuliza na anaruhusiwa kuuliza nini. Mwisho kuna utaratibu wa simu kupotea, ambao wajenzi wengi huuacha nyuma. Kwa kuwa ufunguo haunakiliki, simu ikipotea hati hutolewa upya, na mtu hurudi kuthibitisha nafsi yake kama mwanzo. Hapo ofisi ya wilaya, kidole na mashahidi huhitajika tena.

Estonia, ambayo raia wake wamekuwa na kadi zenye chipu tangu 2002, ilipata somo mwaka 2017. Wanasayansi waligundua kwamba chipu zilizotumika katika kadi zaidi ya 700,000 zilitengeneza funguo dhaifu. Novemba mwaka huo serikali ilisimamisha vyeti vya kadi hizo, na wenye kadi walipata vyeti vipya kwa mtandao au kwenye vituo. Nchi iliendelea kufanya kazi kwa sababu njia ya kubadilisha funguo kwa wingi ilikuwa imefikiriwa.

Mifumo ya nchi nyingine

India ilianza Aadhaar na kuongeza DigiLocker mwaka 2015, ambayo ni kabati la vyeti la mtandaoni. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni namba 1183 ya 2024, iliyoanza kutumika Mei 2024, inayozitaka nchi wanachama kuwapa wananchi wao pochi kufikia mwisho wa 2026, kwa hiari ya mwananchi na bila malipo. Nchini India pia, katika taasisi moja ya teknolojia ya mji wa Bangalore, ulianzishwa mwaka 2018 mradi wa programu huria uitwao MOSIP, ambao Ufilipino, Moroko na Ethiopia wameutumia. Faida ya programu huria kwa nchi zisizo tajiri ni kwamba hazifungwi na kampuni moja inayouza kadi, mashine na matengenezo.

Kenya ilisajili mamilioni ya watu kwa ajili ya Huduma Namba mwaka 2019. Jukwaa la Haki za Wanubi na wengine walikwenda mahakamani, na Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo usiendelee bila kanuni za kuulinda. Oktoba 2021 mahakama hiyo ilisema kadi zilitolewa kinyume cha sheria kwa sababu athari kwa taarifa za watu hazikutathminiwa kwanza. Serikali iliyofuata ilikuja na Maisha Namba, iliyo na kadi na sehemu ya kidijitali, nayo ikafikishwa mahakamani. Nchini Uganda usajili wa wote ulianza 2014, na wazee wenye umri mkubwa wasio na kadi, au walioandikiwa miaka isiyo sahihi, walikosa posho ya wazee.

Zanzibar ina mfumo wake chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioanzishwa kwa sheria ya 2018. Wakala huu una daftari moja la vizazi, vifo, ndoa na vitambulisho. Upande wa Bara kazi hizo zimegawanyika: vizazi na vifo viko RITA, vitambulisho viko NIDA.

Tanzania Bara

Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ilitungwa 1986, lakini NIDA ilianzishwa 2008 na kadi za kwanza zilizinduliwa na Rais Jakaya Kikwete tarehe 7 Februari 2013. Husajiliwa waliotimiza miaka 18: raia, wageni wakaazi na wakimbizi. Mwombaji hujaza fomu, hugongewa muhuri katika serikali ya mtaa au kijiji, huhojiwa na Uhamiaji kuhusu uraia wake, kisha huchukuliwa picha, sahihi na alama za vidole vyote kumi.

Kwa miaka kadhaa kadi hiyo ilikuwa jambo la kungoja. Ilichogeuza hali ni simu. Mei 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na mwisho wake ukawekwa 31 Desemba 2019, kisha Rais John Magufuli akausogeza hadi 20 Januari 2020. Foleni zilijaa katika ofisi za NIDA nchi nzima. Tangu hapo namba imekuwa muhimu kuliko kadi: mtu anaweza kuwa na namba kwa miaka bila kuiona kadi, na akapata laini, namba ya mlipakodi, pasipoti na usajili wa biashara.

Uhakiki wa NIDA hufanyika kwa njia tofauti na ya pochi. Wakala wa simu huingiza namba, mteja huweka kidole, na swali husafiri hadi hifadhidata kuu na kurudi na jibu. Njia hii ina faida kubwa: mteja hahitaji kuwa na simu janja, wala kadi, wala kujua kusoma. Kidole chake kinatosha. Hasara zake ni kwamba pasipo mtandao hakuna uhakiki, na hifadhidata kuu inaweza kuweka kumbukumbu ya kila mahali mtu alipojitambulisha. Tena mteja haoni kinachoombwa kwa jina lake. Ndiyo maana uliibuka ule ujanja wa mawakala wasio waaminifu kumwambia mteja aweke kidole tena na tena kwa kuwa "hakijasoma", kumbe kila mara laini nyingine inasajiliwa. Kwa kupiga *106# mtu anaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yake, na ni vizuri kufanya hivyo mara kwa mara.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Alama za vidole zimo katika kundi la taarifa nyeti. Mkakati wa uchumi wa kidijitali wa 2024 hadi 2034 umeleta mpango wa Jamii Namba, yaani namba moja ya mtu kwa huduma zote, pamoja na mfumo wa kubadilishana taarifa kati ya taasisi. Hizi ndizo tabaka za chini ambazo pochi ingekaa juu yake.

Karatu na Ngorongoro

Wilaya hizi mbili zinapakana, na kila moja ina jambo la kumfundisha anayebuni pochi.

La kwanza ni majina. Wilayani Karatu wenyeji wengi ni Wairaqw, ambao lugha yao ina sauti zisizo na herufi katika alfabeti ya Kiswahili. Zinaandikwa tl, sl, hh na q, au haziandikwi hivyo, kutegemea mwandishi. Mwalimu yeyote aliyewahi kujaza fomu za usajili wa mtihani wa kidato cha nne katika shule za huku anajua kwamba jina la ukoo moja linaweza kuandikwa kwa namna tatu katika familia moja. Tarafa za Ngorongoro na Loliondo zina Wamaasai, na hapo "ole" huandikwa mbali na jina, au kuunganishwa, au kuachwa kabisa. Kwa karatasi mambo haya yalikuwa usumbufu mdogo. Karani aliyeona Tluway na Tluwai alijua ni mtu mmoja. Kompyuta hailijui hilo. Mwanafunzi ambaye cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha shule na namba ya NIDA havifanani kwa herufi moja hulazimika kula kiapo kwa wakili na kuomba marekebisho. Hilo hutokea wakati dirisha la mikopo ya elimu ya juu liko wazi kwa muda maalumu tu, na Bodi ya Mikopo inadai cheti kilichohakikiwa na RITA.

La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Wazee wa Kidatoga na wa Kihadzabe kandokando ya Ziwa Eyasi, na Wamaasai wengi wa rika la zamani, hawakuandikiwa vizazi. Umri wao hujulikana kwa rika, kwa ukame fulani, kwa mafuriko fulani. Fomu hudai siku na mwezi, basi siku hukadiriwa. Makadirio hayo huingia katika tarakimu 8 za kwanza za namba na kukaa humo maisha yote.

La tatu ni vidole. Mangola ni nchi ya vitunguu vya kumwagilia, na mikono ya wanaopalilia na kuvuna humo kwa miaka hupoteza mistari. Mashine hukataa. NIDA huchukua vidole kumi kwa sababu kimoja kikishindwa kingine hujaribiwa, lakini wakala mwenye haraka hujaribu gumba na kuacha. Mfumo mzuri huwa na njia mbadala iliyoandikwa, kama sura au mashahidi, si huruma ya mtu wa mezani.

La nne ni simu yenyewe. Ukitoka barabara ya lami inayoishia lango la Lodoare na kuelekea Endulen au Nainokanoka, mtandao huja na kupotea kwa kufuata vilima, na umeme wa kuchajia mara nyingi ni wa sola. Wengi hutumia kitochi, simu ndogo ya vitufe ambayo chaji yake hukaa siku kadhaa. Pochi kamili haiwezi kukaa katika kitochi. Yapo mawili ya kufanya: kuchapisha hati yenye saini kama msimbo wa QR kwenye karatasi au kadi, ambao mhakiki huusoma kwa simu yake hata bila mtandao, au kubaki na menyu za simu kama *152*00#, ambazo serikali inazitumia tayari. Msimbo wa karatasi haujafungwa na simu, kwa hiyo mhakiki lazima alinganishe picha na uso, kama yule karani wa benki.

La tano ni zito kuliko yote, nalo ni swali la mtu ni wa wapi. Loliondo inapakana na Kenya, na koo za Kimaasai ziko pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo mahojiano ya uraia huko ni marefu kuliko ya Karatu. Tena uthibitisho wote huanzia kijijini: mwenyekiti na mtendaji ndio wanaosema huyu ni wetu. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa 1959 ikiwa na watu na wanyamapori pamoja. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia wakazi wake Msomera wilayani Handeni, mpango ambao inauita wa hiari na ambao wengi wa wakazi wameupinga. Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta vijiji na vitongoji katika tarafa ya Ngorongoro. Wananchi walikusanyika barabarani kwa siku kadhaa, na mwezi huohuo Mahakama Kuu mjini Arusha ilisimamisha utekelezaji wake.

Kwa mada hii tukio hilo lina maana ya moja kwa moja. Kijiji kikifutwa katika orodha, watu wake hawafutiki katika hifadhidata ya NIDA. Namba zao zinabaki. Lakini kijana anayetimiza miaka 18 mwaka huo anahitaji muhuri, na muhuri unahitaji kijiji. Anayebadilisha makazi, anayerekebisha jina, anayepoteza simu na kutaka hati upya, wote hurudi palepale. Katika mfumo wa pochi mahali pa kuishi ni kipande kimoja cha hati, kinachotokana na orodha ya vijiji na anwani iliyo serikalini. Orodha ikibadilishwa makao makuu, kipande hicho kinaweza kusomeka vingine au kukataliwa katika simu za maelfu ya watu kwa siku moja, bila mtu kubisha hodi kwa yeyote. Kwa sababu hiyo wabunifu makini hutenganisha hati ya mtu ni nani na hati ya anaishi wapi, zikatolewa na ofisi mbili, ili kubadilika kwa ya pili kusiiguse ya kwanza, na huweka muda wa rufaa kabla hati haijafutwa.